Hamaki na Dawa Yake: Khabari ya Ndugu Yetu wa Misikhu

 

Wasomaji wetu walikuwa wakingojea katika toleo hili sehemu ya pili ya maneno yetu juu ya zaka ya biashara. Tumeiahirisha, na twaomba radhi. Tangu Mfunguo Pili darsa yetu imeshughulishwa na jambo lililotutoa pwani mpaka Misikhu, mji mdogo wa soko ulioko kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika kaunti ya Bungoma. Wazee wetu wa misafara waliijua nchi ile ya Magharibi tangu karne ya kumi na tisa, walipokuwa wakifika Mumias wakipaita Kwa Shundu. Siku hizi vijana wetu huenda kwa mabasi, na wanalolifuata ni mahindi.

Huko anakaa ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa mji wetu huu, mtu wa miaka thelathini na minane, mke na watoto wake amewaacha hapa. Kazi yake ni kununua mahindi na maharagwe kwa wakulima, kujaza magunia ya kilo 90, na kuyapeleka Mombasa. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ndiye aliyetupa idhini ya kuyaandika haya, akasema, “Andikeni, huenda yuko mwengine kama mimi, naye hajijui.”

Mkwewe alitujia baada ya sala ya Isha, uso umemwiva, akasema: “Masheikh, mume wa binti yangu amempa talaka ya pili, tena kwa simu. Imebaki moja. Nendeni mkamwone kabla haijatoka na hiyo.” Na sababu ya talaka ile ilikuwa nini? Mke alimwuliza kama amekwisha tuma karo ya mtoto. Alikuwa amesahau, kwa mara ya tatu. Basi ndilo swali hilo tu.

Lakini asubuhi ya siku hiyo hiyo palikuwa na jengine. Mzee mmoja wa Kibukusu alileta mahindi yake kwenye mizani, akasema kwa upole kwamba mizani yaonyesha pungufu, na angependa mzigo upimwe tena. Ndugu yetu aliona ameitwa mwizi. Alipiga makelele, akalipiga teke gunia la mtu, mahindi yakamwagika, akamtukana mzee wa umri wa baba yake mbele ya soko zima. Mzee hakujibu neno. Aliyakusanya mahindi yake, yeye na mjukuu wake, mkono baada ya mkono, akaondoka. Wiki iliyofuata hapana mkulima hata mmoja wa upande ule aliyemuuzia.

Tulipofika tulimkuta amekaa juu ya magunia matupu, amekonda. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulifanya kama tulivyozoea kufanya, tukamsomea. Tulimkumbusha khabari ya yule mtu aliyemwomba Mtume (s.a.w.) wasia, naye akamuusia asighadhibike, akakariri wasia huo huo kila alipoombwa zaidi. Tulimkumbusha kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu katika mieleka. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akatusomea hadithi hizo hizo kwa Kiarabu, pamoja na majina ya wapokezi, bila ya kukosea. Alisoma madrasa miaka tisa. Akatuambia: “Nayajua yote hayo, Sheikh. Nayajua kabla, na nayajua baada. Pale katikati ndipo siyaoni.”

Neno hili lilitunyamazisha. Wenye kuwaidha huwa twadhani kwamba mwenye hasira amepungukiwa na ilimu au amepungukiwa na imani, na kwa hivyo dawa yake ni mawaidha zaidi. Huyu hakupungukiwa na lolote katika haya mawili. Alilopungukiwa nalo ni muda, ule mdogo baina ya kuchomwa na kujibu, ambao watu wengi tunao pasipo kuushukuru, kwani hatujui kwamba tumepewa.

Mwaka uliopita mwanawe wa miaka tisa alipelekwa kwa daktari hapa Mombasa, kwa kuwa mwalimu alilalamika kwamba hakai kitako, hupoteza kalamu kila siku, na hulia kwa kila anapokosolewa. Baba alihudhuria. Kila swali aliloulizwa mtoto, baba aliona aulizwa yeye. Daktari alimwambia kuwa jambo hili mara nyingi hufuata damu, na kwamba yeye naye afaa kutazamwa. Alicheka, akarejea Misikhu. Baada ya talaka ya pili hakucheka tena, alikwenda Eldoret kwa daktari wa maradhi ya akili, akaulizwa khabari za utoto wake, naye nduguye mkubwa akapigiwa simu kushuhudia, na akaambiwa kwamba anayo.

Madaktari huliita jambo hili kwa herufi nne, ADHD. Maana yake kwa lugha yetu ni upungufu wa kutuliza mawazo pamoja na kuzidi kwa harakati na papara. Si jambo la jana. Tabibu wa Kiingereza, George Still, aliwaeleza wenziwe katika London mwaka 1902 juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mtoto akibaleghe humtoka. Sasa yajulikana kwamba wengi huingia nayo utu uzima, na hukisiwa kuwa katika watu wazima mia, wawili hata watatu wanayo. Msikiti wenye watu 200 siku ya Ijumaa, hesabu yake ni kama wanne mpaka sita. Huanza utotoni, kabla ya miaka kumi na miwili. Mtu hawi nayo ghafla ukubwani kwa sababu ya deni au mke mkali. Hayo ayafahamu kila atakaye kujipa jina hili ili apate udhuru.

Watu wengi huijua kwa kusahau kwake na kupoteza kwake vitu. Nyumba huibomoa zaidi kwa hamaki. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kuzuia, huchelewa kushika. (Wako wanaokimbilia kuifungamanisha sehemu hii na Aya za Qurani, sisi hatuwafuati katika hilo, kwani Qurani haihitaji kuungwa mkono na kitabu cha utabibu kitakachobadilishwa kesho.) Neno dogo humwingia mwenye hali hii kama tusi, na ukumbusho huwa kwake ni hukumu. Na kwa kuwa tangu utotoni ameambiwa mara elfu kwamba yeye mvivu, mzembe, hana akili, ngozi yake imekwisha chubuka. Mwengine akimgusa kidogo yeye huumia sana.

Tena hasira hii ni moto wa makuti. Huwaka ghafla mpaka darini, na mara umezimika. Ndugu yetu alitwambia kwamba ilipofika Alasiri ya siku ile alikuwa amekwisha tulia, ana njaa, na alishangaa kwa nini mkewe hapokei simu. Hapa pana kosa ambalo wenye hamaki hawalioni. Kwao jambo limekwisha kwa sababu ndani ya vifua vyao limekwisha. Aliyeunguliwa na paa hawezi kusema limekwisha kwa kuwa makuti yamekuwa jivu.

Je, sharia yasemaje? Alipokuja Madina ujumbe wa Abdul-Qays, wenziwe waliruka juu ya ngamia zao wakakimbilia kwa Mtume (s.a.w.). Mkubwa wao, al-Ashajj, alibaki nyuma akawafunga ngamia, akavaa nguo nzuri, kisha akaenda taratibu. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa anazo sifa mbili apendazo Mwenyezi Mungu, upole wa kujizuia na kutofanya papara. Naye akauliza swali la mtu mwenye akili, kama sifa hizo amezipata kwa juhudi zake au ameumbwa nazo. Akajibiwa kwamba ameumbwa nazo, naye akamshukuru Mola wake. Basi ikiwa utulivu ni kipawa ambacho mja huumbwa nacho, hapana ajabu wengine kuumbwa na kidogo, kama vile wako walioumbwa na macho mafupi. Haifai kumwambia asiyeona mbali kwamba angekuwa na imani angesoma.

Lakini asiyeona mbali hana rukhsa ya kuendesha gari bila miwani, kisha akigonga mtu aseme, “Nimeumbwa hivi.” Tulipokuwa Misikhu, kijana mmoja aliyesoma kidogo alimpa ndugu yetu fatwa kwamba, kwa kuwa ana maradhi, talaka yake haihesabiwi. Twamwonya. Wanazuoni wamezungumza juu ya talaka ya mwenye ghadhabu, na Ibn al-Qayyim aliyekufa mwaka 1350 aliandika risala nzima, akaigawa ghadhabu daraja tatu. Na ile iliyofika hadi ya mtu kutojua asemalo ndiyo isiyokuwa na khitilafu kuwa talaka yake haipiti. Ndugu yetu alijua alisemalo. Hata alijua kuwa ni ya pili, kwani aliihesabu. Walikwenda mbele ya Kadhi, na Kadhi akaihesabu. Alimrejea mkewe kabla ya kwisha eda, kwa mashahidi wawili. Imebaki moja, na itabaki moja mpaka mmoja wao aingie kaburini. ADHD hailiondoi hilo, wala haimtoi mtu katika taklifu; akili anayo, na kalamu yamwandikia.

Ama wale waliomtangulia daktari, twataja kwa ufupi. Miaka mitatu nyuma mtu mmoja alimwambia kuwa ana jini la hasira, akala mbuzi wawili na fedha nyingi. Jini halikutoka, ila mbuzi ndio waliotoka.

Sasa tuje kwenye dawa, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike. Tuliporudi kuzisoma upya hadithi tulizomsomea, tuliona jambo ambalo tulikuwa tukilipita kila mwaka. Mtume (s.a.w.) hakumwamrisha mwenye ghadhabu afikiri. Alimwamrisha aliyesimama akae, na isipomtoka alale ubavu. Kumepokewa pia kunyamaza, na kutawadha. Yote haya ni kazi za mwili, atendazo mtu hata kama akili yake haipo pale katikati. Nao majaji wamekatazwa kuhukumu baina ya watu wawili hali wameghadhibika; hawakuambiwa wahukumu kwa uangalifu zaidi, waliambiwa waache. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934 na kuandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, alisema kwa maana hii: kama vile mtu wa afya huweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, vivyo aweke akiba ya fikira njema wakati wa utulivu, imfae itakapomjia ghafla. Dawa ya hamaki hutengenezwa mchana wa salama. Atakayeitafuta moto umekwisha waka hataipata.

Kwa hivyo tulikaa na ndugu yetu siku mbili, hapana mawaidha, twapanga. Akaondolewa kwenye mizani. Kijana mmoja wa hapo Misikhu, mpole, ndiye apimaye na kuandika, na mkulima akitaka mzigo wake upimwe tena hupimwa bila kuulizwa sababu. Ndugu yetu akabaki na kazi anayoiweza kuliko wote, kutembea Kamukuywa mpaka Kiminini akitafuta mahindi na kupatana bei. Kwani papara yake hiyo hiyo humwamsha kabla ya wenziwe. Karo ya mtoto hukatwa siku ya kwanza ya mwezi na nduguye mkubwa, haimngojei akumbuke. Wako watakaosema kuwa huku ni kumdekeza mtu mzima. Sisi twaona ni bora karo ilipwe na ndugu kuliko swali la karo livunje nyumba.

Yeye na mkewe walikubaliana neno moja. Hatulitaji, ni lao. Mmoja akilitamka, mazungumzo husimama hapo hapo, si kwa kushindwa wala kwa kukubali kosa, na yeye hukaa chini, hunyamaza, kisha huenda kutawadha. Lakini tulitia sharti ambalo mke ndiye aliyelitaka: kabla ya kuondoka ataje wakati wa kurudi. “Nitakupigia baada ya Maghrib,” na apige. Mume anayekata simu na kutoweka siku tatu asijisifu kuwa amezuia hasira. Huko nako ni kuadhibu. Na khabari za fedha hawazisemi usiku, wala yeye hajala. Mawili haya, njaa na kukosa usingizi, yalikuwemo katika talaka zote mbili, tulipochunguza.

Hapa yatubidi tuseme juu ya miraa, ingawa twajua wako watakaokunja karatasi hii. Ndugu yetu alikuwa akitafuna kila usiku, akidai kuwa humtuliza. Hakusema uongo. Mwaka 1975 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa katika majani mabichi ya miraa kitu kiitwacho kathinoni, nacho ni jamaa ya amfetamini. Na dawa zinazotumiwa kwa ADHD, kama methilfenidati iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1944, hufanya kazi kwa njia iliyo karibu na hiyo. Basi wengi wenye hali hii hujitibu pasipo kujua. Lakini dawa ya daktari ina kipimo, ina saa zake, na moyo na shinikizo la damu hupimwa kwanza. Miraa haina kipimo ila mfuko wa mtu. Humkesha mpaka alfajiri, na asubuhi yake hukuta mzee kwenye mizani. Ameiacha. Sasa hunywa kidonge baada ya kifungua kinywa, na kwa ajili ya Ramadhani amekwisha mwuliza daktari mapema juu ya saa za daku. Kidonge hakimfanyi mtu mwema. Yeye mwenyewe asema kimemrudishia ule muda wa katikati, kama pumzi mbili. Asemalo ndani ya pumzi mbili hizo ni juu yake.

Wake na wazazi nao wana sehemu yao. Mtu akiwaka, hapana faida kumtolea hoja wala kumhesabia makosa ya mwaka juzi. Nabii Musa (a.s.) aliporudi akawakuta watu wake wameabudu ndama, aliziweka chini mbao na kumshika nduguye kichwa. Hasha, hatusemi alikuwa na maradhi. Ghadhabu yake ilikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini tazameni alivyofanya Haruni (a.s.): hakushindana naye, alimwita kwa mama yao, kisha akatoa udhuru wake kwa maneno machache. Na Musa akajiombea maghufira, yeye na nduguye pamoja, na ghadhabu ilipomtulia akaziokota zile mbao. Kila siku twaona waume wanaotulia na mbao zikabaki chini, kwani wadhani kutulia kunatosha.

Haya yote, hata hivyo, ni kwa ulimi. Mkono ukiinuka, hatumwambii mwanamke asubiri wala akumbuke neno la siri. Na atoke, awaendee wazee wake, na sharia ya nchi ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na udhalimu wa nyumbani ipo. Asiwepo wa kuitaja darsa yetu kumzuia.

Imebaki khabari ya yule mzee. Ndugu yetu alitaka kumwendea siku ile ile tuliyofika, usiku, ambebee sukari na khanga za mkewe, amalize. Tukamzuia, kwani kuomba radhi kwa pupa ili usamehewe kwa pupa ni hamaki ile ile imevaa kanzu. Akangoja siku nne. Alipokwenda alikwenda na mzee wa soko, na tulimsihi asitaje daktari, wala ADHD, wala njaa. Alisema alilolifanya, kwa mpango: nilipiga kelele, nililipiga teke gunia lako, nilikutukana mbele ya mjukuu wako, na mizani nimeipeleka ikatazamwe. Mzee alimwuliza kama mizani ilikuwa na kasoro. Akajibu kwamba ilikuwa nayo, na akaweka mezani thamani ya kilo zilizopungua.

Mzee aliichukua fedha, akaihesabu, akamwambia, “Kijana wangu, kunywa chai.” Hakusema kuwa amesamehe. Safari yetu ya pili, siku ya soko, tulimwona amekuja na magunia mawili, mjukuu nyuma yake. Alisimama mbali kidogo na mizani, amefumbata mikono, na ndugu yetu hakuwapo, alikuwa Kiminini. Sharia ya zaka tutaieleza katika toleo lijalo, inshallah.